Ukoo Usiopiga Matuta

Pale Kwai, milima ya Lushoto, njia ya magari ya kabichi inapokutana na njia ya wapeleka maziwa, pana ubao wa mkaratusi uliolazwa juu ya mawe mawili, na ubao huo una serikali yake. Mtawala ni birika. Mzee Dotto akishalitua juu ya mkaa wakati wa alasiri, watu huanza kusogea na masweta yao, mikono kwapani, kwa maana baridi ya huku haina heshima kwa mkubwa wala mdogo. Anayekaa hapo jina lake la cheti analivua, anavishwa la kijiwe, na la kijiwe halifutiki. Sheria ni moja tu: kahawa ikiisha, neno limeisha. Hata uwe katikati ya hoja tamu kiasi gani, unaimeza, unainuka, unakwenda kwako. Ukimuuliza Mzee Dotto nani aliyeitunga sheria hiyo, atakujibu, "Nimeikuta." Siku ya habari hii, mawingu ya vuli yalikuwa yamekaa upande wa Magamba tangu adhuhuri, na Mika alikuja kijiweni kwa mara ya kwanza tangu amzike mwanawe.

Zamani angepokelewa kwa jina lake kabla hajafika: Hatutaki. Jina hilo alilirithi. Enzi za Waingereza, ilipotoka amri kwamba kila shamba la mteremko lipigwe matuta, babu yake alisimama mbele ya Mzungu wa kilimo akasema hatutaki, akafungwa kamba, akateremshwa Lushoto, akalala jela. Tangu hapo ukoo ule haukupiga matuta. Majirani walikuja wakapiga baadaye kwa hiari yao, wakapanda majani ya gwatemala kwenye kingo, ng'ombe wakala, udongo ukatulia. Kwa kina Mika mteremko ulibaki laini kutoka juu mpaka nyuma ya banda la ng'ombe, na ulaini huo waliuita heshima.

Masika iliyopita heshima ile iliporomoka. Ilimkuta Benjamini, mtoto pekee wa Mika, akimfungua ng'ombe bandani.

Nyumba ilisalimika. Anaishi humo Eliza, mjane wa Benjamini, na mtoto wake wa kike anayeanza kutambaa, na juu yao imebaki nusu ya mteremko inayosubiri mvua. Majirani wamejitolea: Jumamosi watakuja msaragambo, kazi ya kijiji kizima, wapige matuta, wapande majani. Wanangoja kauli ya mwenye shamba tu. Na Mika kauli haimtoki. Akisema chimbeni, basi babu alifungwa bure na mtoto amekufa bure. Asiposema, mvua haijawahi kumngoja mtu avute pumzi.

— Shikamoo Mzee Hatu... — alianza Twaha, kijana anayechaji simu za watu, ambaye pale kijiweni ni Betri. Jina likamkwama. Akalimeza. — Shikamoo, baba.

— Marahaba.

— Shikamoo, mzee — Mika naye akamwamkia Mzee Dotto.

— Marahaba, Mika. Kaa. Mahali pako pana vumbi tu.

Mzee Dotto akamimina, akaweka kikombe mkononi mwa Mika kama mtu anayemkabidhi yai. Aliyekuwa amekaa mwisho wa ubao ni Jafari, mwalimu wa Uraia wa sekondari, aitwaye Diploma. Huyu ana ugonjwa wa kumwaga kijiweni chochote alichofundisha darasani asubuhi, na kijiwe kimemzoea, kinamsikiliza kama redio ya jirani.

— Diploma, hebu shusha kitu — Betri akasema, ili watu wapate la kusikiliza. — Lete la wale wahafidhina.

Diploma akamtupia Mika jicho la pembeni.

— Lile tulishaligusa mwaka jana.

— Gusa tena. Wahenga walisema, chovya chovya humaliza buyu la asali.

— Hiyo methali inakataza, Betri.

— Inakataza wenye asali. Sisi tuna nini?

Mzee Dotto akacheka kidogo, na Diploma akaona bora kufundisha kuliko kukaa akimtazama Mika.

— Mhafidhina — alisema — si mtu anayependa cha kale kwa kuwa ni cha kale. Watu wanamsingizia. Mhafidhina ni mtu anayeitilia shaka akili yake mwenyewe. Anasema: mimi ni mmoja, nimeishi siku mbili tatu, desturi hii imepita mikononi mwa maelfu, imejaribiwa na njaa, na vita, na misiba. Mimi nani niivunje asubuhi moja kwa sababu nimeamka na wazo?

— Nani alisema hayo? — Betri akauliza.

— Alikuwako Muairishi mmoja, mbunge wa huko Uingereza, zama za kale.

— Anaitwa nani?

— Hapa jina la cheti haliingii — Mzee Dotto akakumbusha. — Apewe la kijiwe.

Wakashauriana, wakampa: Mzee Taratibu.

— Haya, Mzee Taratibu aliwaona Wafaransa wakimng'oa mfalme — Diploma akaendelea. — Hawakuishia hapo. Wakang'oa na kanisa, wakang'oa na majina ya miezi, wakasema sasa tunaanza dunia upya kwa kutumia akili tupu. Akawaambia, mtaona. Na kweli damu ilimwagika mpaka wenyewe wakachinjana.

— Ukiona vyaelea, vimeundwa — Betri akatia nakshi.

— Hapo haiingii.

— Mfalme alikuwa anaelea, wakaacha kuuliza nani kamuunda. Inaingia vizuri tu.

— Sikiliza basi na hili. Mzee Taratibu alisema nchi ni ubia, na wabia wake ni wa aina tatu: waliokufa, walio hai, na ambao hawajazaliwa. Sisi tulio hai si wenye mali. Tumeshika zamu.

— Kumbe marehemu nao wana kura — Betri akasema. — Ndiyo maana kuhesabu kunachelewa.

Watu wakacheka, na Mika akatabasamu kwa adabu. Moyoni alikuwa akiwahesabu wabia wake. Waliokufa walikuwa wengi, nao wamelala sehemu moja, nyuma ya migomba: babu, baba, na sasa Benjamini, ambaye kaburi lake bado halijaota hata jani. Walio hai alikuwa yeye. Kuhusu wa kuzaliwa, aliwaza, akaona afadhali anywe kahawa.

— Yuko mwingine — Diploma alikuwa ameshapanda mlima wake — naye ni mtu wa milimani kama sisi, alikuwa anaandika Kifaransa. Huyo mkali. Alisema binadamu bila kiti cha enzi, bila madhabahu na bila mnyongaji, watatafunana.

— Huyo aitwe Bwana Kamba — akasema Betri.

— Huyo simtaki hapa kwangu — akasema Mzee Dotto. — Mpeleke kijiwe kingine.

— Basi kuna wa tatu, Mwingereza, juzijuzi tu, mwalimu kama mimi. Alisema siasa ni kama kupika. Kitabu cha mapishi hakimfanyi mtu awe mpishi. Mpishi ni yule aliyesimama jikoni akaungua vidole. Wanaotaka kutawala kwa kitabu wanaunguza chungu.

— Mpishi huyo nampa kikombe, hata kama hayupo — akasema Mzee Dotto, na kweli akamimina kidogo, kisha akakinywa mwenyewe kwa niaba.

Betri, ambaye akili yake ikishapata moto haizimiki kwa maji, akavuta sweta.

— Mimi nawaambia, hawa wazungu wameiba kwetu. Wahafidhina wa kwanza ni Wasambaa. Mbegha alikuja huku mgeni, ana mbwa wake na mkuki, akatugawia nyama, tukampa ufalme. Kulikuwa na katiba? Kulikuwa na mchuzi. Tangu lini mtu akaandika mchuzi? Huyo Mpishi alisikia habari hizi kwa Mjerumani aliyelima hapa Kwai, Mjerumani akazipeleka Ulaya kwenye gunia la viazi.

— Hiyo umeitoa wapi?

— Mgeni njoo, mwenyeji apone. Na zaidi ya hapo: kwa nini watu wa bondeni wanabadilika haraka, sisi huku hatubadiliki? Ni mwinuko. Mawazo mapya ni mazito, hayapandi kona za Soni. Yanaishia Mombo yanakula nyama choma. Hata ukitazama vizuri, mhafidhina namba moja ni mlima wenyewe. Watawala wamekuja wamepita, vyama vimekuja vimepita, yeye hapo alipo tangu kuumbwa, hajawahi kusogea hata...

Akamkumbuka Mika.

Kila mtu alisikia alichokaribia kukimaliza, na hakuna aliyejua aweke wapi macho. Gari la kabichi likapita, likawapa kelele za kujificha ndani yake, likapotea. Betri alikuwa anaukuna ubao kwa kucha.

— Nisamehe, baba. Mdomo wangu hauna breki.

— Umesema kweli — Mika akajibu. — Ulikuwa haujasogea.

Halafu akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Aligeuka akamtazama Diploma, kwa upole kabisa, upole ule unaomtisha mtu kuliko hasira.

— Mwalimu, mwaka jana somo hili lilikuwa hivihivi.

— Ndiyo, mzee wangu.

— Ulisema desturi ni akili ya wafu, asiitangue kijana mmoja kwa akili ya asubuhi moja.

— Nilisema.

— Nililipenda sana. Nililibeba mpaka nyumbani. Nikamkuta Benjamini ameshapiga vigingi na kamba mteremko mzima, anataka kuanza matuta. Nikamwambia vilevile ulivyosema, neno kwa neno. Akacheka, akasema, "Huyo ni Diploma, Baba, siyo wewe." Halafu akaving'oa. Alikuwa mtoto ambaye ukimwambia jambo anacheka, lakini analifanya.

Betri akaona mtu anazama, akamrushia kamba iliyokuwa karibu.

— Benjamini alikuwa na adabu, baba. Si kama vijana wa sasa. Asiyesikia la mkuu...

Hapo akauona mwisho wa methali yenyewe, akashika mdomo kwa mkono. Benjamini alisikia la mkuu. Kosa lake lilikuwa hilo tu, na lilijulikana kijiji kizima, na watu wote walikuwa wamelizunguka tangu masika kama wanavyozunguka shimo njiani.

Diploma alikuwa amebadilika rangi.

— Mzee wangu — akasema — mwaka jana sikumaliza.

— Hukumaliza nini?

— Somo. Kahawa iliisha.

Mzee Dotto akaliangalia birika lake.

— Kulibaki nini? — Mika akauliza.

— Ilibaki nusu ya pili. Mzee Taratibu huyohuyo, siyo mwingine, alisema kitu kisicho na njia ya kubadilika hakina njia ya kudumu. Hakukataza kubadilisha. Alikataza kubomoa. Anasema ni kama mtu anayekarabati nyumba huku amelala ndani yake: boriti iliyooza unaitoa, unaweka nyingine, ili paa la babu lisianguke. Unabadilisha ili ubaki nacho. Hiyo ndiyo ilikuwa shabaha ya somo zima, ile ya kwanza ilikuwa utangulizi.

— Na kesho yake?

Diploma akashusha sauti.

— Kesho yake ilikuwa Simba na Yanga.

Mika hakukasirika. Laiti angekasirika, ingekuwa nafuu kwa wote, maana hasira ina mlango wa kutokea. Yeye alikaa akikizungusha kikombe, akifikiri jinsi ambavyo siku ile aliinuka hapa ameshiba, amejaa fahari ya babu yake, akapanda njia ya nyumbani na nusu ya neno akidhani amebeba zima. Aliumia, na maumivu yenyewe hayakuwa na mtu wa kuyatwisha. Diploma alifundisha, kahawa iliisha, sheria ilifuatwa. Kila mmoja alifanya inavyopasa.

— Mvua ile, mzee wangu — Diploma akasema taratibu — pengine ingebeba hata matuta.

— Pengine. Kwa Nikodemo haikubeba.

Nikodemo ni jirani. Mashamba yao yanapakana kwa mstari wa migomba. Diploma akajaribu kuingilia upande mwingine.

— Hivi, babu yako alikataa kwa sababu gani hasa?

— Alikataa kwa sababu alikuwa hataki.

— Lakini hakutaka kwa nini?

Mika alifungua mdomo. Alikuwa na miaka zaidi ya sitini, ameisimulia habari hiyo kwenye harusi na matanga, akijua kamba ilikuwa ya katani, akijua mlango wa jela ulitazama wapi, na kumbe sababu hakuwahi kupewa, wala yeye hakuwahi kuomba. Baba yake alimwambia: kwetu hatupigi matuta. Naye akamwambia mwanawe vivyo hivyo.

— Maharage — akasema Mzee Dotto.

Wote wakamgeukia.

— Nilikuwa mdogo, nimebebwa mabegani na baba yangu, lakini naikumbuka kama naiona. Mzungu alikuja na askari, akasema matuta yaanze kesho. Babu yako akamwambia, bwana, maharage yametoa maua. Tukichimba sasa tunafukia chakula cha watoto. Tuache tuvune, tukishavuna tutachimba. Mzungu alikuwa na tarehe yake kwenye karatasi, maharage hayamhusu. Wakabishana pale mpaka jua likapinda. Mwisho babu yako akasema, basi hatutaki. Ndiyo wakamfunga kamba.

— Kwa hiyo angechimba — Mika akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeuliza njia.

— Angechimba. Jembe alikuwa ameshalitia mpini mpya kwa kazi hiyo. Alitaka apewe msimu mmoja tu.

— Mzee, miaka yote hii tumekaa ubao mmoja. Mbona hukuniambia?

Mzee Dotto akapepesa macho, na uso wake ukaonekana wa mtoto aliyebebwa mabegani.

— Hukuuliza, Mika. Na lile jina lilikuwa limeshawapendeza. Nani anamvua mtu nguo inayompendeza?

Diploma alikuwa amejaa maneno. Ilionekana wazi alitaka kusema kwamba babu huyo ndiye mhafidhina halisi, kuliko Mzee Taratibu na Mpishi wakiwekwa pamoja: mtu aliyejua kuchimba kuna wakati wake, aliyegombana na karatasi na si na matuta. Alishavuta pumzi ya kuanza. Lakini Mzee Dotto alikuwa anainamisha birika juu ya kikombe cha Betri, na kilichotoka kilikuwa machicha meusi, kisha hakikutoka kitu.

Kahawa ilikuwa imeisha. Diploma akafunga mdomo. Betri akaanza kujikusanya, na Mika akaweka kikombe chake chini, kwa kuwa miguu ya watu wa kijiwe kile ilikuwa imezoea kuinuka yenyewe.

Ndipo Eliza alipotokea njia ya juu. Wanawake hawana kawaida ya kusimama pale, naye alisimama kando, kwenye nyasi, mtoto mgongoni, kanga imefungwa kwa haraka na matope yamemfika magotini.

— Shikamooni.

— Marahaba, mama — wakaitikia wakubwa, kila mmoja kwa wakati wake.

— Karibu, mwanangu — akasema Mika. — Kuna nini?

Eliza hakumtazama usoni, kwa adabu ya mkwe.

— Baba, ufa umeongezeka. Ule wa juu ya makaburi. Asubuhi vidole viliingia, sasa mkono unaingia wote.

Kila mmoja pale aliijua methali inayofuata. Hata mtoto wa darasa la kwanza anaijua. Siku hiyo hata Betri hakuitamka. Upande wa Magamba kulikuwa kumefunga kabisa, na upepo ulianza kuleta harufu ya udongo uliolowa kutoka mahali ambapo mvua ilikuwa imeshafika.

— Sasa, Baba — Eliza akasema — leo mimi na mtoto tulale wapi?

Kwa sheria, kijiwe kilikuwa kimefungwa na mtu asingelaumiwa kwa kunyamaza. Diploma alikuwa ameshasimama nusu. Mzee Dotto akatazama birika, akamtazama yule mama na mtoto wake, akasema neno ambalo tangu ubao ule ulazwe juu ya mawe halikuwahi kusikika hapo baada ya machicha.

— Kaeni.

Wakakaa. Sasa walikuwa na muda wote waliowahi kuutamani. Hoja hazikukatwa na mtu, birika halikuwa na amri tena, mtu angeweza kusema mpaka amalize. Diploma aliangalia chini ya kikombe chake. Ule ubia wa waliokufa na walio hai na wasiozaliwa ulikuwa umesimama mbele yao na matope magotini, unauliza pa kulala. Mtoto alijigeuza mgongoni mwa mama yake, akawaangalia mmoja mmoja kwa macho ya Benjamini.

Mika ndiye aliyeinuka.

— Jembe la mume wako liko wapi?

Eliza alikaza fundo la kanga kifuani, ingawa lilikuwa limekaza.

— Liko bandani, Baba.

Banda lilikuwa chini ya udongo. Walipomtoa Benjamini hawakuendelea kuchimba, na tangu masika hakuna aliyekuwa na moyo wa kurudi pale kutafuta vyombo. Mika aliitika kwa kichwa. Akasema, "Hongea," asante ya Kisambaa, kama mtu aliyepewa kile alichoomba, akamshika mtoto kisigino kidogo kilichokuwa kikining'inia nje ya kanga, akakifunika. Kisha akashika njia ya kwa Nikodemo kwenda kuomba jembe la kuazima na pa kuwalaza Eliza na mtoto, na matone ya kwanza yalimkuta hajafika kwenye migomba.